Vita Imeshusha Sauti za Watu

Baraka, tarehe 12 mwezi wa tatu, 2000

Yaya Godelieve, dada yangu mukubwa mupenzi,

Nakusalimia mara ya kwanza, nakusalimia mara ya pili, na salamu ya tatu ni ya kukufunika, juu banasema huko Lugufu, mu kambi ya bakimbizi, baridi ya asubuhi haina heshima kwa bamama bakubwa. Mwili iko namna gani? Magoti je? Batoto banakula kushiba, ao banakula kudanganya tumbo? Sisi huku tuko bazima. Anastasie bibi yangu anakusalimia, binti yetu Solange anakusalimia, na mashini pia inakusalimia. Simama pahali pa juu, geuza sikio huku ziwani, utaisikia wewe mwenyewe.

Yaya, mudogo yako amekuwa mutu mukubwa. Unakumbuka mashini yangu ya kusaga muhogo, ile ilikuwa chini ya kibanda cha manyasi karibu na soko? Askari balianza kuitazama sana, na hapa kwetu kitu chenye askari anatazama sana kinaota miguu. Basi niliijengea nyumba. Ukuta mabati, juu mabati, mulango mabati, kufuli mbili. Panya akitaka kuingia anapiga hodi.

Siku ya kwanza kuiwasha mule ndani nilifikiri kichwa yangu inapasuka. Sauti inatoka ku motere, inapiga bati, inarudi, inakutana na nduguye anakuja, zinapigana juu ya kichwa yangu. Nilitoka nje masikio inalia nyiii, kama nyenje. Lakini mi ni mutu wa kukimbia? Mi nilifika Kalemie, nilifika Bujumbura, na Kigoma nilionja hata gereza yao, bukari yake, ile banaita ugali, haikuwa mubaya. Nikarudi ndani. Kesho yake nikarudi tena. Na leo, Yaya, ile mashini naisikia kama cherehani ya fundi mwenye usingizi. Bamama bakiingia na beseni zao banaziba masikio, mi nimesimama pale natafuna muhindi. Banapiga kelele: "Papa Solange, we uko na masikio ya chuma!" Nabajibu: mashini imenizoea. Ilinijaribu, ikaona mi ni nani, ikashusha sauti yenyewe.

Jambo moja tu linanihuzunisha. Vita imeshusha sauti za batu. Tangu hii mambo ya kuchunguzana ianze, batu ba Baraka banaongea ndani ya shati. Unauliza mama bei ya ndagala, anajibu na midomo tu. Anastasie mwenyewe, mwanamuke alikuwa anaita kuku bakuja mupaka ba jirani, siku hizi anaongea na kifua yake. Hata mu kwaya, bale bamama ba sauti ya juu, naona vinywa vinafunguka, hakuna kitu inatoka. Uoga, Yaya. Nimebaki mi peke yangu na sauti ya wakati wa amani, na sitaiacha.

Dany wa mashua anakuletea unga kidogo. Kama gunia imefika nyepesi, muulize yeye.

Mudogo yako mwenye masikio ya chuma,
Isidore

*

Lugufu, tarehe 20 mwezi wa tano, 2000

Mdogo wangu Isidore,

Salamu zangu zikufikie wewe, mke wako na Solange, na mkono wangu uwashike kila mmoja kichwani. Sisi hatujambo. Magoti yanalalamika lakini yanatembea. Unga umefika na Dany hakuula sana.

Barua yako nilitembea nayo kama mtu aliyepewa nguo mpya. Siku hiyo nilikuwa nimempeleka mjukuu wangu kwa daktari wa masikio, maana sikio lilikuwa linatoa maji. Daktari huyo anapima watu walioumizwa masikio na mabomu. Tulipomaliza nikamsomea barua yako, kwa majivuno tu, nikitaka acheke. Hakucheka. Aliniomba nirudie pale uliposema mashini imeshusha sauti.

Akaniambia, "Mama, hakuna mashini inayoshusha sauti kwa heshima ya mtu. Ndugu yako ameanza kutoisikia."

Nikaudhika. Nikamwambia humjui Isidore. Basi akanieleza polepole, nami nakueleza vilevile. Anasema ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo ambavyo jicho haliwezi kuona. Nikamuuliza vimekaaje, mwishowe tukakubaliana ni kama majani ya milimani kwetu. Ng'ombe wakipita juu ya majani mara moja, yanalala, na asubuhi yameinuka. Ule mlio wa nyenje uliousikia siku ya kwanza ni majani yamelala. Lakini ng'ombe wakipita palepale kila siku, inakuwa njia, na juu ya njia hakuoti kitu tena. Hakuna dawa ya kuotesha. Na anasema majani ya kwanza kufa ni ya sauti nyembamba, yaani ndege, watoto na wanawake. Sauti nene za wanaume na ngoma zinabaki muda mrefu. Ndiyo maana mtu hasemi "sisikii." Anasema "watu siku hizi hawasemi vizuri."

Isidore, aliposema hivyo nilitazama chini.

Anasema pia sikio ni mzani wa uongo. Likikuambia kelele imezidi kidogo, ujue kinachoingia kimeshakuwa mara mbili. Kipimo chake ni hiki: kama mtu aliyesimama mbele yako, umbali wa mkono ulionyooshwa, analazimika kupiga kelele ili umsikie, mahali hapo panakula masikio. Ondoa mabati pande mbili, sauti ipate pa kutokea. Usisimame karibu na motere bila kazi. Toka nje mara kwa mara, masikio yapumzike. Na pamba kavu usijisumbue nayo, ni kama kufunga mlango kwa chandarua.

Amenipa kaske, ile ya vikombe viwili inayofunika masikio, wanayovaa wale wa jenereta. Dany anakuletea. Uivae.

Yaya yako,
Godelieve

*

Baraka, tarehe 9 mwezi wa saba, 2000

Yaya mupenzi sana,

Nimepiga magoti mbele ya barua yako, nimeinuka, nimekusalimia. Mwili yako? Mujukuu yako, sikio imekauka? Sisi tuko bazima na tunanenepa kwa sifa.

Kaske imefika! Yaya, we unajua kunipamba. Siku ya Mungu niliivaa shingoni nikaingia nayo kanisani. Isidore rubani! Batoto banakimbia nyuma yangu banauliza ndege nimeiacha wapi. Nabaambia iko Bujumbura inakunywa mafuta. Mupiga picha alinipiga nimesimama pembeni ya mashini, mukono ku kiuno, na ile picha Dany anayo, iweke pahali batu banapita.

Lakini kuivaa masikioni, hapana. Nikiivaa bateja banaongea na mi naangalia tu kama mbuzi. Tena mi nasagaka na sikio. Unga ikianza kuwa laini mashini inabadilisha wimbo, ndipo nafungua. Ni kweli bamama banalalamika siku hizi unga iko na chembe, lakini hiyo ni muhogo ya mwaka huu, mubaya sana.

Daktari wako amesoma, simukatali. Mi nilisoma mupaka darasa ya ine, maisha ikamalizia. Anasema manyasi ndani ya sikio? Nimemuinamisha Solange ku jua, nimeangalia muzuri: hakuna kitu. Ku masikio ya papa yetu nywele zilikuwa zinatoka mupaka nje, na hakumusikiaka mutu.

Uoga inazidi. Jirani yetu Alphonse anakujaka kila mangaribi nikifungua radio, mikono chini hivi, kama anakandamiza sanduku: shusha, shusha. Mutu muzima! Namuambia Alphonse, habari za dunia hazisikilizwi kwa kuiba. Anaenda zake anatikisa kichwa. Na Anastasie amekuwa na tabia ya kunigusa bega mbele ya kusema kitu. Nadhani ni mapenzi imerudi.

Mudogo yako, rubani wa Baraka,
Isidore

*

Lugufu, tarehe 2 mwezi wa tisa, 2000

Isidore,

Hatujambo, na nyinyi muwe hivyohivyo. Sikio la mtoto limepona.

Picha nimeiona. Umependeza. Nimeigeuza inatazama ukuta.

Alphonse namfahamu tangu anatambaa, hana uoga kukushinda wewe. Radio yako ina kelele. Anastasie anakugusa bega kwa sababu akikuita huji. Unga una chembe kwa sababu mashini inabadilisha wimbo na wewe hujui. Sikuandikii haya kukucheka. Kaa kwenye kiti, umpe mkeo mgongo, mwambie akuite kama anavyokuita mezani. Ukigeuka, nitakuja Baraka nikuombe radhi mbele ya kwaya nzima.

Jaribu hilo moja, halafu uniandikie.

Yaya yako,
Godelieve

*

Baraka, tarehe 14 mwezi wa kwanza, 2001

Yaya yangu,

Salamu za mwaka mupya, lakini huku mwaka haikuingia na muguu muzuri. Tuko hai. Anza kwa kushukuru hapo.

Siku chache mbele ya Noeli risasi ilianza asubuhi, upande wa barabara ya Fizi. Ile ya karibu, hata mi niliisikia vizuri sana, kwa hiyo ambia daktari wako. Tulikimbia mu matete pembeni ya ziwa, kundi yetu ya kila siku: mi na Anastasie na Solange, Placide mudogo wake Anastasie, Alphonse na batoto yake, na bengine ba mutaa wetu. Na Adolphine, ule mama mujane anauzishaka chumvi, na mutoto yake mudogo ku kifua. Tukalala mu matope. Askari bakapita ku njia, hatua kidogo na sisi, mustari murefu, na masanduku yao.

Mi ndiye nilikuwa natuliza batu. Placide alikuwa anataka kuchungulia. Nikamuinamia, nikamunong'onezea mu sikio, polepole, sawa samaki anaongea: "Usiinue kichwa, banapita." Basi. Anastasie akanifinya mukono mupaka leo alama iko. Uoga ya wanamuke. Kiisha nikaona matete inafunguka na bunduki zinaingia moja kwa moja kwetu, kama mutu alibaita kwa jina.

Balimubeba Placide, Yaya. Balimuwekea sanduku ku kichwa, na vijana bengine babili, bakapanda nao njia ya Misisi. Anastasie hakulii, anafagia tu, anafagia penye pamekwisha kufagiwa.

Na nani alituuza? Mutoto wa Adolphine. Mi sikumusikia muzuri, lakini ni nini ingine? Mutoto ni mutoto, analia. Nilisema palepale mbele ya bote: "Adolphine, mutoto yako ametumaliza!" Alifungua kinywa, akafunga, akafungua. Hakuna kitu ilitoka. Hata kujitetea hakuweza.

Sasa mutaa umekatala kukimbia naye tena. Mi sina chuki naye, hata juzi nilimusagia bure. Lakini risasi ikilia, afiche mutoto yake pengine. Ni usalama ya batu.

Muombee Placide.

Mudogo yako,
Isidore

*

Lugufu, tarehe 30 mwezi wa tatu, 2001

Isidore, mtoto wa mama yangu,

Nakusalimia, na sikuulizi kitu kingine, maana naogopa kalamu isigeuke.

Alphonse amevuka. Amefika hapa kambini na watoto wake wote. Nilimpikia, akala, nikamuuliza habari za matete. Nikamwambia mdogo wangu ameniandikia kwamba mtoto wa Adolphine alilia. Akaweka tonge chini.

"Yaya Godelieve, yule mtoto alikuwa ananyonya. Hakulia. Aliyesema ni Isidore."

"Alisema nini?"

"Alimwambia Placide asiinue kichwa. Lakini alisema vile anavyosema mbele ya mashini. Ndege waliruka kutoka kwenye matete. Na wale askari walikuwa wameshapita, yaya. Walikuwa wameshapita! Wakarudi."

Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyekuambia. Akasema, nani amwambie Isidore? Anawasagia wajane bila kulipa, anawachekesha watu siku ambazo hawana kitu cha kula. Na wewe uliwahi kumnyooshea Adolphine kidole kabla mtu hajapumua. Waliokuwa mbali walisikia tu kuwa umetaja mtoto, wakaamini. Waliokuwa karibu walishikwa na haya kwa ajili yako. "Na mimi nimo," akasema, akafunika uso na kanga ya mtoto wake.

Nilirudi kwa daktari, si kwa majivuno safari hii. Nikamuuliza, inawezekanaje mtu anong'one na isiwe kunong'ona? Akasema kila mtu anapima sauti yake kwa sikio lake mwenyewe. Anaipandisha mpaka aisikie, hapo anaona inatosha. Wewe uliipandisha mpaka ukaisikia.

Hukukusudia. Hilo najua na Mungu anajua. Lakini ulilosema juu ya Adolphine ulilisema kwa kinywa kizima. Na nimeambiwa anakimbia peke yake sasa. Unajua maana ya mwanamke kukimbia peke yake na mtoto mgongoni katika nchi yetu ya leo. Sikuandikii maana hiyo.

Yaya yako anayekupenda,
Godelieve

*

Lugufu, tarehe 11 mwezi wa nane, 2001

Isidore,

Dany amekuja mara tatu na mikono mitupu. Namuuliza, anasema umemwambia huna la kuandika. Wewe? Huna la kuandika?

Kama ni hasira, nitukane. Kama ni ugonjwa, sema. Tukana tu, nitafurahi kuona mwandiko.

Yaya

*

Baraka, tarehe 5 mwezi wa kumi, 2001

Yaya,

Nakusalimia na kichwa chini. Mwili zetu iko. Placide tulisikia habari yake: alitoroka askari kule Misisi, anachimba zahabu na batu, yuko hai, bega imeharibika na sanduku. Anastasie aliposikia ndipo alilia.

Mara ya kwanza nilisoma barua yako ya mwezi wa tatu nilicheka. Niko nakuambia kweli. Nilicheka peke yangu mu nyumba ya mashini, nikasema Alphonse amefika kambini anatafuta chakula, anapikia batu hadithi. Kiisha nikakumbuka mukono wenye Anastasie alinifinya. Mutu anafinya namna ile kwa kuziba kitu, haiko kwa kuogopa.

Nilikaa nayo siku nyingi. Kiisha nilifanya ile uliniambia zamani. Nilichukua kiti, nikaangalia ukuta wa bati, nikamuambia Anastasie aniite kama ku meza. Nikangojea. Nikaona anakawia, nikamuambia, basi anza. Nikangojea tena. Nikakasirika, nikageuka. Alikuwa amesimama hapo, machozi mupaka ku shingo, na Solange pembeni yake mukono ku kinywa. Balikuwa bananiita bote babili, Yaya. Baliniita mupaka bakachoka.

Anastasie akanikamata uso na mikono miwili, akaongea karibu, ndipo nilimusikia sauti yake kama inatoka chini ya maji. Akasema: "Siku ileile nilikuambia. Tukirudi mu njia, nilikuambia ni wewe. Ukanipiga bega, ukacheka, ukasema kweli kabisa."

Kweli kabisa. Hiyo ndiyo dawa yangu, Yaya. Nikiona kinywa inafunguka na sisikii, nachekaka nasema kweli kabisa. Batu banafurahi. Sijui nimekubali mambo gani mu hii Baraka. Labda nimeoa mara ya pili. Niliandika hiyo ili ucheke, na mi mwenyewe sikucheka.

Nimetoa mabati pande mbili. Motere nimeisukuma nje, chini ya kipaa chake, mukanda murefu unapita mu tundu. Solange simuachi kuingia ikiwa inanguruma. Kaske navaa, na Anastasie akishika mashini namuvalisha yeye, mi natoka. Unga inaangaliwa kwa vidole sasa. Nilichelewa, najua. Yenye imebaki nitaichunga, kama mutu anachunga moto ya mwisho ya jiko.

Lakini haiko ile yenye nataka kukuambia. Ni hii. Mwezi wa nane risasi ililia tena. Batu balikimbia mu mashamba, mi nakimbia nyuma yao naangalia miguu yao, juu sisikii risasi za mbali. Adolphine akatoka ku nyumba yake na mutoto ku mugongo, akatufuata. Batu bakamufukuza na mikono, hivi, sawa unafukuza mbuzi ku shamba. Akasimama. Akaangalia huku na huku, akaingia mu mutaro wa barabara, peke yake, akajilaza juu ya mutoto.

Mi niliona. Barua yako ilikuwa mu mufuko wa shati yangu, nimekwisha kuisoma. Niliona na sikusema kitu. Mi, mwenye sauti kubwa kupita bote.

Askari habakumupata, Mungu alimuficha. Lakini mi namna gani naangalia uso wa ule mama? Anapita ku mashini na beseni, namusagia, natazama mukanda ya mashini. Nikimuambia batu bote batajua kama Isidore ni kiziwi, na Isidore ndiye alimutuma shemeji yake ku sanduku ya askari. Nikinyamaza, siku moja mutaro hautamuficha. Najua yenye iko muzuri. Haya imenifunga miguu.

Mudogo yako,
Isidore

*

Lugufu, tarehe 19 mwezi wa kumi na moja, 2001

Mdogo wangu,

Salamu za machozi na za furaha pamoja, kwa ajili ya Placide, na kwa ajili ya mwandiko wako ambao nilidhani sitauona tena. Ndiyo, nilicheka pale pa kuoa mara ya pili. Halafu nikakaa chini.

Sitakuambia usione haya. Ona. Mimi pia naona haya, maana niligeuza picha yako ukutani badala ya kupanda mashua nikaja nikuvute sikio lenyewe. Lakini haya yako isilipwe na mwanamke mwingine. Watu watakucheka mwezi mzima na kukuita kiziwi maisha yako yote, na utaendelea kula bukari. Adolphine je?

Usiniandikie mimi tena habari hii. Mimi sikuwa kwenye matete. Ulisema mbele ya watu, kaondoe mbele ya watu haohao. Usiende kwake kwa siri na unga mkononi. Na usianze na mzaha, Isidore. Najua utaanza na mzaha.

Placide naye ukamwambie mwenyewe, siku njia ya Misisi itakapopitika.

Daktari anasema umefanya vema na mashini. Nilimwambia wewe ni mwanafunzi wake mbaya kuliko wote.

Yaya yako,
Godelieve

*

Baraka, tarehe 3 mwezi wa pili, 2002

Yaya Godelieve,

Nakusalimia, nakuuliza magoti, nakuuliza mujukuu. Sisi tuko.

Niliongea. Siku ya Mungu iliyopita, kiisha misa, batu bangali nje mu kiwanja. Nilimuomba katekista nafasi, akanipa. Anastasie alitaka kusimama karibu anishike mukono, anifinye sauti ikipanda. Nilimukatalia. Siku ile nilitaka ipande.

Nilipofungua kinywa tu niliona meno. Bote banacheka, juu Isidore akisimama kuna kitu ya kuchekesha inakuja. Nikasema: "Ku matete, mutoto wa Adolphine hakulia. Ni mi. Mi sisikii tena. Mashini ilikula masikio yangu na niliona haya kusema. Nilifikiri nanong'ona, na nilipiga kelele, bakamubeba Placide. Kiisha nikamubebesha Adolphine." Niliona meno inafungwa moja moja, kama batu banafunga maduka.

Nikaendelea. Nikabaambia mu mwezi wa nane nilikuwa nimekwisha kujua, na nilimuona mu mutaro. Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu kuitoa, Yaya. Ile ya matete masikio ilifanya. Ile ya mutaro nilifanya mi.

Nikamalizia hapo. Nikaangalia bote. Sikujua kama banasema kitu ao bananyamaza. Kwangu iko moja.

Adolphine alikuwa ku ukuta, pembeni, pahali anakaaka siku hizi. Akasimama. Akaniangalia, akaongea. Hakuongea kidogo, Yaya. Midomo yake ilienda murefu, mukono mumoja ulipanda, ukashuka. Jua ilikuwa nyuma yake, sikuweza hata kusoma kinywa. Katekista aliangalia chini. Mama mumoja wa kwaya alijifunika na kitenge, kiisha akamuendea Adolphine, akamupokea mutoto, akakaa naye palepale ku ukuta. Bengine babili bakamufuata. Alipomaliza kuongea kiwanja nzima iligeuka kuniangalia mi, inangojea.

Nilisimama pale. Sikucheka, sikusema kweli kabisa. Nikavaa kofia, nikaondoka.

Mu njia nilimuuliza Anastasie: alisema nini? Akanigeuza kwa bega, akaweka uso yake mbele ya uso yangu, akaongea moja moja ili nisipoteze hata kimoja: "Haiko yangu ya kukuletea. Yeye alikuambia wewe. Uende umuulize."

Sijaenda. Nimesaga juma nzima, naona beseni yake inakuja, inabebwa na mama wa kwaya, yeye mwenyewe hasogei. Kama ni tusi, ni yangu. Kama ni ingine, sijui nitaiweka wapi. Mu maisha yangu, Yaya, nilifika Kalemie na Bujumbura na gereza ya Kigoma, na sijamuambiaka mutu hata mumoja ile neno nitamuambia leo.

Nimezima motere mapema. Solange anasema Adolphine iko nyumbani. Nitamuomba atoke ku mulango, penye mwanga, nikae chini mbele yake, nimuambie: Mama, sikusikia. Sema tena.

Mudogo yako,
Isidore